Amri ya Fortran, Swali la Prolog

Wanaoanza kujifunza programu hupenda kuuliza: nianze na lugha ipi? Mimi ningeuliza kwanza lugha hiyo inakutaka ufikiri namna gani.

Chukua mstari huu: x ni sawa na x kuongeza moja. Mwalimu wa hisabati ataukataa papo hapo. Kwenye kompyuta, hata hivyo, hiyo ni amri: chukua kilichomo ndani ya x, ongeza moja, rudisha mlemle. Ndivyo ilivyo Fortran, lugha ambayo timu ya John Backus pale IBM iliitoa mwaka 1957, na ndivyo ilivyo C. Hatua kwa hatua, na kila hatua inabadilisha kitu.

McCarthy wa MIT alianza lugha ya Lisp mwaka 1958, na humo mhimili ni fanksheni: thamani inaingia, jibu linatoka. Uliyewahi kuandika fomula ya kujumlisha ya Excel unaujua mtindo huu hata kama hukuambiwa. Umeeleza jumla ni nini. Hukuiagiza kompyuta ianzie juu, ijumlishe, kisha ishuke.

Wanorwe wawili, Dahl na Nygaard, walituletea lugha ya Simula na vitu vyenye data na kazi zake, ambavyo Java imevirithi. Prolog, iliyozaliwa Marseille mwaka 1972, ni ya ajabu zaidi. Unaiambia kwamba Asha ni mama wa Juma, na Juma ni baba wa Neema. Unaieleza bibi ni nani. Halafu unauliza: bibi yake Neema ni nani? Kutafuta jibu ni kazi ya Prolog.

Sasa sikia hili. Mwaka 1977 Backus alipewa Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, na Fortran ilikuwa sababu kubwa. Akapanda jukwaani, akaushambulia mtindo uleule wa amri, akapigania fanksheni. Hoja yake ina uzito: programu ikikua, na x inaweza kubadilishwa popote, utamjuaje aliyeibadilisha?

Jaribu leo. Jumlisha namba shufwa kutoka 1 hadi 100 kwa kitanzi, yaani amri zinazorudiwa tena na tena. Kisha rudia bila kitanzi, na bila kubadilisha thamani yoyote uliyokwisha kuiweka. Ukikwama, andika fanksheni inayojiita yenyewe, na usisahau kuiambia isimame wapi.