Kuhamia Nyumba ya Ghorofa: Mambo ya Kutayarisha Mapema

Mazungumzo kwa watu wa Nyeri na wa miji iliyouzunguka Mlima Kenya

Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linalowahusu watu wengi wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru, nalo ni kuhamia katika nyumba za ghorofa. Zamani nyumba za namna hii zilikuwa habari za Nairobi na Mombasa. Siku hizi mtu apitaye Ruring'u au King'ong'o huziona zikisimama karibu na mashamba ya mahindi na migomba. Wako watakaopanga, wako watakaonunua, na wako wazee ambao watoto wao wamewaambia, "Njooni mkae mjini karibu na hospitali."

Kwa wote hao neno langu ni moja. Nyumba ya ghorofa si nyumba ya shamba iliyopandishwa juu. Sehemu yake ni yako, na sehemu nyingine ni ya wote. Shambani paa ni lako, tangi ni lako, na moshi wa jiko lako huenda zake bila kumwuliza mtu. Ghorofani sakafu yako ni dari ya mwenzio, maji yako machafu hupita ukutani kwake, na ngazi, paa, ua na lango ni vya watu wote. Basi mtu aliyejitayarisha kwa vyumba vyake tu, hajajitayarisha.

Wazee wetu walipata kukaa kwa kubanana hapo zamani, lakini kwa amri. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliamuru watu wa nchi hii waache nyumba zao na kukaa katika vijiji vilivyozungukwa na ulinzi, na ilipofika mwisho wa mwaka 1955 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamishwa. Hakuna aliyeulizwa kama apenda. Leo mtu huhama kwa hiari yake na kwa sahihi yake mwenyewe. Mwenye hiari ana nafasi ya kuuliza, na yafaa aitumie nafasi hiyo kabla ya kutoa fedha.

Neno la kwanza ni juu ya hati. Iko sheria ya mwaka 2020 ihusuyo umiliki wa sehemu za jengo, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1987. Kwa sheria hiyo, ramani ya jengo lote huandikishwa, kisha kila nyumba iliyomo hupata hati yake. Pamoja na hati, mwenye nyumba hupata fungu lake katika vitu vya wote. Wenye nyumba huwa shirika moja, na kazi ya shirika hilo ni kulitunza jengo, kulikatia bima, kuweka kanuni na kukusanya michango. Kwa hiyo mnunuzi asiridhike na kuonyeshwa vyumba na rangi ya ukuta. Na aulize: Je, ramani imekwisha kuandikishwa? Nitapata hati kwa jina langu, au nitapewa barua tu? Kisha aende na wakili wake kwenye ofisi ya ardhi akatazame kama jengo limewekwa rehani. Mapatano ya kununua hayana budi kuandikwa, na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi. Ahadi ya mdomo haitamsaidia mbele ya hakimu.

Hapa nataka kusema na wale wanaofikiri kuuza shamba la kahawa au la chai ili wanunue nyumba mjini. Shamba la kilimo haliuzwi kwa kupeana mikono. Pasipo kibali cha bodi ya ardhi, mauzo hayo hayana nguvu. Tena, nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya mume na mke. Lakini hata pale sheria inaporuhusu, pigeni hesabu kwanza. Shamba hutoa viazi, maziwa na kuni. Nyumba ya ghorofa haitoi chakula, nayo hudai fedha kila mwezi. Mzee asiye na pensheni wala kodi ya kupokea, akiuza shamba lote, aweza kujikuta ana ufunguo mfukoni na hana unga jikoni.

Neno la pili ni fedha hizo za kila mwezi. Mbali na kodi ya nyumba au malipo ya benki, yako malipo ya mlinzi, ya taa za ngazi, ya mashine ya kupandisha maji, ya usafi na ya kuondoa takataka. Jambo hili huwashangaza wengi waliotoka katika nyumba zao wenyewe. Husema, "Nimekwisha kununua, mbona natozwa tena?" Jibu ni kwamba mashine ikiharibika, hukauka mifereji ya waliolipa na ya wasiolipa. Ulizeni ni kiasi gani, nani hukusanya, na hesabu husomwa lini mbele ya wenye nyumba. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mpangaji naye aandikiwe mapatano, apewe stakabadhi ya fedha ya amana, na siku ya kuingia aandike vitu vilivyovunjika: kioo, kitasa, bomba. Karatasi hiyo itamwokoa siku ya kutoka.

Watu wenye mishahara, nao hukatwa asilimia 1.5 kwa sheria ya nyumba za bei nafuu ya mwaka 2024, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Wajue kwamba kukatwa fedha si kupewa nyumba. Atakaye nyumba hizo hana budi kujiandikisha na kuomba kwa njia ya Boma Yangu. Mtu akikujia akisema atakupatia nyumba ukimpa fedha mkononi, mwepuke.

Neno la tatu ni jengo lenyewe. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa lililokuwa kando ya mto katika mtaa wa Huruma, Nairobi, lilianguka na kuua watu karibu 50. Katika nchi yetu ya mabonde na miteremko, onyo hilo latuhusu. Ombeni kuona cheti cha kaunti kinachoruhusu jengo likaliwe. Tazameni kama ukuta una nyufa pana, kama maji ya mvua yana njia, na kama ziko ngazi za kutosha kukimbilia panapotokea moto. Tena hesabuni madaraja. Majengo mengi ya ghorofa nne hayana lifti, na magoti ya bibi wa miaka 75 hayatapona kwa sababu nyumba ni mpya. Kama mzee atakaa nanyi, tafuteni nyumba ya chini.

Neno la nne ni la uhai na mauti, nami naomba mlisikilize sana. Huku kwetu baridi ya Juni mpaka Agosti ni kali. Katika nyumba ya zamani ya mbao, upepo hupenya katika nafasi za mbao. Nyumba ya ghorofa ina madirisha ya kioo yanayofunga sawasawa. Mtu akiingiza jiko la makaa chumbani apate joto, kisha akafunga mlango na kulala, makaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu kupita oksijeni mara zaidi ya 200. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na aliyekwisha lala hazioni. Jiko la makaa lisiingizwe kabisa katika chumba cha kulala, hata likionekana limekwisha kufifia. Kabla ya kuhama, tengeni fedha za mablanketi mazito, na za mtungi wa gesi wenye mpira mzima. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hukaa chini sakafuni. Ukisikia harufu yake, funga mtungi, fungua madirisha na mlango, usiwashe kiberiti wala kugusa swichi ya taa.

Neno la tano ni maji. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Mtu asiweke tangi kubwa kwenye roshani bila shauri la mhandisi, kwa maana roshani haikujengwa kubeba mzigo huo. Mitungi michache ya lita 20 yatosha kwa siku ambayo umeme umekatika na maji hayapandi. Mafuta ya kupikia, maganda na nepi za mtoto zisitupwe chooni, kwa sababu bomba likiziba kwenu, uchafu utafurika kwa jirani wa chini.

Neno la mwisho ni ujirani. Pimeni mlango na ngazi kabla ya kupakia makochi na kabati kwenye lori. Kuku na mbuzi waachwe shambani au wauzwe mapema. Mwenye kuponda mukimo usiku wa manane akumbuke kwamba chini yake amelala mtu. Ulizeni pia habari za shughuli zetu: wageni wa ruracio wataketi wapi, mbuzi atachinjwa wapi, na watu wakija kufariji waliofiwa watapokewa wapi. Kama kanuni za jengo hazikubali, ni afadhali kulijua leo kuliko siku wageni wamefika langoni. Na wiki ya kwanza, bisheni hodi kwa jirani wa kushoto, wa kulia, wa juu na wa chini, mjuane kwa majina. Siku mtoto akiugua usiku, au moshi ukionekana chini ya mlango, hao ndio watakaofika kwanza.

Mabibi na Mabwana, sisemi msihamie ghorofani. Nyumba hizo zina maji ndani, zina taa, ziko karibu na shule na kazi, nazo zaweza kutupunguzia kukatakata mashamba ambayo yamekwisha kuwa vipande vidogo. Nasema kwamba maswali haya huulizwa bure kabla ya kutia sahihi, na baada ya hapo hugharimu fedha nyingi. Nendeni nayo kwa mwenye jengo yakiwa yameandikwa kwenye karatasi, wala msione haya kuyasoma moja moja mpaka kila moja limepata jibu.