Kazi Usiku, Masomo Mchana: Haki ya Mhudumu Anayesomea Uuguzi

(Mada iliyotolewa kwa Kamati za Haki na Amani za parokia na kwa wafanyakazi wa afya)



Nimeombwa niseme juu ya wale wanaofanya kazi hospitalini na papo hapo wanasomea uuguzi. Nitaanza na kosa ambalo nami nilikuwa na sehemu yangu ndani yake, kwa maana haifai padre kunena habari za haki kana kwamba dhuluma hutendwa na wengine tu.

1. TUONE

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa bodi ya hospitali moja. Binti mmoja, mhudumu wa wodini, alitamani kuwa muuguzi. Baba yake alikuwa amefariki na wadogo zake walimtegemea, hivyo hakuweza kuacha mshahara. Bodi ikampangia zamu za usiku siku nne kwa juma; mchana ahudhurie chuo, na sehemu ya ada ilipwe na hospitali. Tuliandika barua hiyo kwa furaha, tukauita mpango huo msaada. Mimi nami niliitia sahihi.

Zamu yake iliisha saa moja na nusu asubuhi. Saa mbili na nusu alikuwa darasani, hata saa tisa alasiri. Kisha kupika, kufua, na madaftari. Katika mwaka wa pili, usiku mmoja karibu na mapambazuko, alisoma dozi ya mtoto iliyoandikwa mililita 2.5, yeye akaona 25. Muuguzi wa zamu alimshika mkono kabla dawa haijafika kinywani mwa mtoto.

Barua ya onyo ikaletwa mbele ya bodi. Kila mmoja wetu alinena juu ya uzembe. Ndipo sista mmoja mzee, mkunga wa miaka mingi, akauliza swali moja tu: “Alilala lini?” Tukatazamana. Hakuna aliyejua, wala hakuna aliyewahi kuuliza.

2. TUPIME

Tuyatazame Maandiko. Nabii Eliya alipochoka hata akaomba kufa, Mungu hakumkemea kwa uvivu. Alimwacha alale, akamlisha, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili; baada ya hayo ndipo safari ikaendelea (1Fal 19:1-8). Yeye aliyeumba mwili ajua kiasi chake.

Tutazame pia mfano wa Msamaria Mwema (Lk 10:25-37). Tumezoea kumsifu Msamaria, tukamsahau mwenye nyumba ya wageni aliyebaki na majeruhi. Msamaria hakumwachia mzigo kwa maneno matamu. Alimlipa dinari mbili, akaahidi kulipa chochote kitakachozidi. Hata penye huruma, kazi ya kuuguza ilikuwa na malipo yake.

Papa Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Na mapumziko aliyahesabu miongoni mwa haki za mfanyakazi. Mkataba wa 149 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, unaowahusu wauguzi, umetaja likizo ya masomo sambamba na likizo ya uzazi na ya ugonjwa.

Katika Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka saa 45 za kawaida kwa juma, na kwa kawaida saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Lakini angalieni: sheria huhesabu saa za kazi, haihesabu saa za darasani. Binti yetu alikuwa na saa zake 12 katika karatasi, na darasa likazila. Sheria haikuvunjwa, mtu ndiye aliyevunjika.

Hapa ndipo kiini cha neno langu. Tulimpa kwa jina la sadaka kitu ambacho tayari tulikuwa tunakidai kutoka mwilini mwake. Sadaka haiwezi kulipa deni la haki. Tena anayedhulumiwa hakuwa yeye peke yake: hata mtoto yule kitandani alikuwa na haki ya kuhudumiwa na mtu aliyelala.

3. TUTENDE

Bodi iliifuta barua ya onyo, ikapunguza zamu ziwe mbili. Tukajipongeza mapema. Mwisho wa mwezi mshahara ulipungua, na wadogo zake wakarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Tulikuwa tumeutoa mzigo kichwani tukauweka mgongoni. Ilitubidi kukutana tena, na safari hii tukamwita naye aseme.

Kutokana na hayo napendekeza:

Waajiri wasimpangie mwanafunzi zamu ya usiku inayofuatwa na darasa, na mapatano ya saa na ujira yaandikwe mbele yake.

Vyuo vipange ratiba kwa kuwajua wanaofanya kazi. Jambo hili lawezekana. Nchini Kenya, mwaka 2005, AMREF na Baraza la Wauguzi walianzisha masomo kwa njia ya kompyuta, ili wauguzi wenye cheti wapate stashahada bila kuacha vituo vyao.

Jumuiya Ndogondogo ziwatembelee wanaosoma. Kuwachotea maji au kuwalea watoto wao wakati wa mitihani ni huduma ya kweli.

Nanyi mnaosoma: uchovu usiwe kisingizio cha kuficha kosa. Likitokea, semeni upesi, kwa kuwa uhai wa mgonjwa watangulia heshima yenu. Na mkielemewa, semeni kabla ya kosa.

Binti yule alihitimu. Siku alipokuja kuaga akienda kituo chake cha kazi, nilimwomba msamaha kwa sahihi yangu. Mungu awabariki nyote.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika eneo letu, nani hufanya kazi usiku na kusoma mchana? Je, tumewahi kumwuliza analala lini?
2. Ni msaada gani tunaoutoa ambao kwa kweli ni deni la haki?
3. Jumuiya yetu itafanya nini kabla ya mwezi huu kwisha?