Mjakazi Asiyetajwa



Wengi wenu mmewasimulia watoto habari za Simba Aslan na lile kabati, katika kitabu ambacho C. S. Lewis alikitoa mwaka 1950. Kati ya vitabu saba vya Narnia, hicho ndicho kipenzi cha watu. The Horse and His Boy, cha mwaka 1954, hukaa rafuni. Sisi tumekisoma tena pamoja na vijana wa Kibera na Kawangware, tukiwafasiria kwa Kiswahili.

Tuseme kweli, kina kasoro. Watu wa Calormen, wenye nyuso nyeusi na vilemba, karibu wote wamechorwa wakatili. Huko Kibera, ambako Wanubi, wazao wa askari wa King's African Rifles, walikaa kabla ya wengi wetu, maneno hayo hayachekeshi. Jirani aliyekuazima chumvi jana amevaa kofia ya Kiislamu.

Lakini mna jambo moja zito. Aravis, binti wa mkubwa wa Calormen, anatoroka asiozwe mzee. Anamnywesha mjakazi wa mama yake wa kambo dawa ya usingizi. Ajua mjakazi atapigwa, wala hajali. Ni Shasta, aliyelelewa na mvuvi kama mtumwa, anayeona kwamba si haki. Baadaye simba anamparura Aravis mgongoni, na Aslan mwenyewe amweleza sababu: majeraha yale ni sawasawa na mapigo ya yule mjakazi. Aravis auliza kama mwenzake atapata mateso zaidi. Hajibiwi, kila mtu huambiwa habari zake mwenyewe tu.

Kijana mmoja alisema Simba amemwonea mtoto. Mama mmoja akasema, "Amemhurumia mno!" Wasichana wa Kawangware walikuwa kimya. Baadhi yao huvuka kila asubuhi kwenda Lavington kufua na kulea watoto wa watu. Kisha mmoja akauliza, "Mchungaji, huyo mjakazi aliitwa nani?"

Tulitafuta. Mwandishi hakumpa jina.

Basi tukafungua Mwanzo sura ya 16, ambapo malaika anamkuta mjakazi mtoro kwenye chemchemi, njiani kwenda Shuri, naye anamwita kwa jina lake, Hajiri. Walifurahi sana. Tukaendelea hadi mstari wa 9, anapoambiwa arudi kwa bibi yake, na hapo wasichana walituuliza maswali mpaka giza likaingia.