KIMBUNGA NI KIMOJA, VIPIMO NI VINGI



Leo tuzungumze juu ya kimbunga. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilileta upepo na mvua kubwa Mafia na pwani yetu. Basi tukisikia redioni "dhoruba kali" au "daraja la 2", tuelewe nini?

Vimbunga hupangwa kwa nguvu ya upepo, lakini kila bahari ina mpango wake. Bahari yetu hutumia mpango wa kituo cha kisiwa cha Reunion. Upepo ukifika kilomita 63 kwa saa, huitwa dhoruba ya wastani. Ukifika 89, dhoruba kali. Ukifika 118, ndipo tunasema kimbunga. Ukifika 166 ni kimbunga kikali, na ukizidi 212 ni kikali sana.

Tuchukue upepo wa kilomita 100. Kwetu hiyo ni dhoruba kali. Australia ni kimbunga cha daraja la 2. India ni kimbunga kikali tayari. Marekani bado hauna daraja, maana madaraja yao 5 huanzia kilomita 119.

Tena Wamarekani huchukua wastani wa upepo wa dakika 1, India dakika 3, Reunion na Australia dakika 10. Upepo huvuma na kupoa, kwa hiyo anayepima kwa dakika chache hupata namba kubwa zaidi. Ni kama sokoni: debe si pishi. Ukitajiwa namba, uliza kwanza, "Kwa kipimo gani?"

Sasa sikilizeni vizuri, ndugu zetu. Madaraja haya hupima upepo, hayapimi maji. Machi 2023 Kimbunga Freddy kiliingia nchi kavu Msumbiji, upepo wake ukapungua. Lakini mvua iliendelea kunyesha siku kadhaa kusini mwa Malawi. Milima iliporomoka huko Blantyre, na watu zaidi ya 600 walikufa.

Kwa hiyo tusingoje neno "kimbunga" ndipo tuhame. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, hata ya dhoruba tu, mitumbwi ipandishwe juu, na wanaokaa mabondeni na chini ya milima wahame mapema. Na jirani asiyejua kusoma, tumsomee habari hii.