Dalili za Chopi



Ndugu zangu vijana wa Kitui na Makueni, leo nawapa dalili za kumjua chopi, yule mtu wa vitabu tunayemcheka kila siku.

Kwanza, ukimtuma sukari anarudi akisoma gazeti iliyofungiwa, na sukari yenyewe imemwagika njiani.

Pili, Maghrib imeadhiniwa, tende iko mkononi, macho yako kitabuni. Ukimgutua anauliza, "Kwani kumeadhiniwa?"

Tatu, ukimwomba maji anakueleza haidrojeni na oksijeni, na mtungi mtupu!

Nne, akienda mtoni kuchota, anakaa kupima kina cha mchanga.

Haya, cheka, lakini ngoja kidogo. Kwetu mito hukauka, mpaka tuchimbe mchangani ndio tupate maji. Bwawa la mchanga hujengwa kwa vipimo hivyohivyo: ukuta unakingama mto juu ya mwamba, mafuriko yanaleta mchanga, na maji yanajificha humo jua lisiyafikie. Hiyo ni kazi ya chopi.

Lakini wako wadogo zetu wanaoficha vitabu kwa kuogopa kicheko chetu. Jamani, wahyi ulianza mwezi huuhuu wa Ramadhan, na neno la kwanza lilikuwa amri ya kusoma. Basi tunamcheka nani?

Baada ya Tarawehe mwachie taa asome. Na wewe chopi, funga kitabu kwanza, umbebee mama mtungi.