Barua Iliyofika Babeli: Kijana Mkristo na Kusudi la Maisha Yake

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya vijana waliohitimu vyuo



Nimeombwa nizungumzie namna imani ya Kikristo inavyomwezesha mtu kujua kusudi la maisha yake. Ni mada pana, na muda ni mfupi. Nimeona nisiizunguke Biblia nzima. Tukae katika kitabu cha Yeremia, kwa sababu humo umo mstari ambao nausikia mara nyingi kuliko mwingine wowote vijana wanapozungumzia kusudi. Ni mstari wa 11 wa sura ya 29, ule unaosema kwamba Mungu anayajua mawazo aliyo nayo juu ya watu wake, na kwamba mawazo hayo ni mema. Tumeuona kwenye fulana, kwenye vioo vya daladala, kwenye kadi za mahafali. Kila mmoja wetu huusoma kama ameandikiwa yeye, leo, kuhusu ajira anayoisubiri. Naomba tuusome mahali ulipo, ndani ya barua.

Barua hiyo ilitoka Yerusalemu kwenda Babeli. Mwaka 597 KK mfalme Nebukadreza alikuwa amemchukua mfalme kijana Yekonia, mama yake, maofisa, mafundi na wahunzi, akawapeleka uhamishoni. Tuseme kwa lugha ya leo kwamba alichukua wasomi na wenye ujuzi, watu walioandaliwa kushika nafasi katika nchi yao. Sasa wako ugenini. Elimu waliyo nayo ni ya ofisi ambazo kwao hazipo tena. Swali lao si geni kwenu: tulisomea nini, na maisha yetu yataanza lini?

Kulikuwa na jibu lililopendwa. Sura ya 28 inatupa habari za Hanania mwana wa Azuri, nabii wa Gibeoni, aliyesimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudi, na mateka watarudi. Akaivunja nira ya mti aliyokuwa ameivaa nabii Yeremia shingoni kama ishara ya kuitumikia Babeli. Nadhani watu walishangilia. Angalieni jinsi Yeremia alivyomjibu kwanza: Amina, Bwana na afanye hivyo. Hakuwa na furaha ya kuwaona watu wakiteseka. Hata yeye angependa iwe miaka miwili. Lakini neno alilopewa baadaye lilikuwa kinyume, na Hanania akafa mwaka uleule, mwezi wa saba.

Sura ya 29 inatupa barua yenyewe ya Yeremia, iliyopelekwa kwa mkono wa Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Inawaagiza wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe, wazae, wawaoze watoto wao. Wautafute ustawi wa mji ule na kuuombea kwa Bwana, kwa maana amani ya mji ule ndiyo itakayokuwa amani yao. Mji ule! Makao ya jeshi lililowateka. Halafu inakuja hesabu ya muda: miaka 70. Ndipo unafuata mstari wetu wa 11.

Vijana wenzangu katika Kristo, fanyeni hesabu hiyo. Mtu aliyeipokea barua akiwa na umri wa miaka 25, ili arudi angehitaji kufikisha miaka 95. Wengi walioisikia kwa masikio yao walizikwa Babeli. Na bado waliambiwa kwamba Mungu anawawazia mema. Basi mema hayo yalikuwa nini kwa mtu ambaye hakurudi? Yalikuwa katika ile nyumba, ile bustani, wale watoto, yale maombi kwa ajili ya mji. Kusudi la maisha yao halikuwekwa upande wa pili wa miaka 70 likiwasubiri. Lilikuwa limeanza siku ile barua ilipofunguliwa.

Hili ndilo ninalotaka kulisema leo, na mengine yote yanaliunga mkono. Mkristo hapewi kusudi kama siri iliyofichwa ambayo lazima aifumbue kwanza ndipo aanze kuishi. Anaitwa na Mungu awe wake, kisha anatumwa kwa watu waliopo mahali alipo, na katika kuwatumikia ndipo sura ya maisha yake inapojitokeza, mara nyingi polepole kuliko angependa.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu naona vijana wanavyoumizwa na mafundisho ya akina Hanania wa wakati wetu. Kila Januari mwaka unapewa jina: mwaka wa kupenya, mwaka wa kuinuliwa. Kijana anatoa sadaka ya mbegu kwa fedha aliyokopa, anafunga, anakesha, na Desemba ikifika hajapata kazi anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo. Anatoka amepoteza fedha na, kibaya zaidi, amepoteza ujasiri wa kumwendea Mungu. Nawasihi wachungaji mliopo hapa: tusiwatangazie watoto wa Mungu tarehe ambazo Mungu hakutupa.

Tumgeukie sasa mtu mwingine wa kitabu hiki, ambaye hahubiriwi sana: Baruku mwana wa Neria. Alikuwa mwandishi. Ndugu yake Seraya, naye mwana wa Neria, alikuwa ofisa katika msafara wa mfalme Sedekia. Tunasoma hayo katika sura ya 51. Ilikuwa familia yenye nafasi, na kijana aliyejua kusoma na kuandika katika mji mkuu aliweza kutazamia makubwa. Badala yake Baruku alijikuta akiandika maneno ya nabii aliyechukiwa, aliyekatazwa hata kuingia hekaluni. Katika mwaka wa nne wa Yehoyakimu aliandika gombo zima kwa kinywa cha Yeremia. Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, akaenda kulisoma hekaluni mbele ya watu. Likafikishwa kwa mfalme, aliyekuwa ameketi karibu na moto kwa sababu ya baridi, na kila kurasa tatu au nne zilipokwisha kusomwa, mfalme akazikata kwa kijembe na kuzitupa motoni mpaka gombo lote likateketea. Sisi tunaoandika kwa kompyuta na kuhifadhi nakala hatuwezi kuujua vizuri uzito wa jambo hilo. Na amri ikatoka Baruku akamatwe.

Sura ya 45 ni fupi mno, mistari mitano tu, nayo yote ni ya Baruku. Analalamika kwamba Bwana ameongeza huzuni juu ya maumivu yake, kwamba amechoka kwa kuugua na hapati raha. Mungu anamjibu kwa kumuuliza kama anajitafutia mambo makuu, na kumwambia asiyatafute. Ahadi anayopewa ni moja: maisha yake yatasalimika popote atakapokwenda. Hakuahidiwa cheo kama cha ndugu yake. Na hakuambiwa kwamba kazi yake itaheshimiwa siku moja. Yeremia akampa gombo jingine, naye akaandika upya yote yaliyochomwa, na sura ya 36 inamalizia kwa kusema kwamba yaliongezwa maneno mengi yaliyofanana na yale ya kwanza.

Napenda mkae na Baruku muda mrefu kuliko mnavyokaa na Yusufu na Danieli. Hao wawili tunawapenda kwa sababu hadithi zao zinaishia ikulu. Lakini wengi wetu tutaishi maisha ya Baruku: kufanya kazi ya lazima iliyo nyuma ya jina la mtu mwingine, wakati mwingine kuiona ikiharibiwa, na kuianza tena. Bila mkono wake tusingekuwa tunasoma kitabu hiki asubuhi ya leo.

Mtu anaweza kuuliza hayo ya Babeli yanahusiana vipi na pwani na bara letu. Yanahusiana sana. Baada ya mwaka 1873, soko la watumwa la Unguja lilipofungwa, manowari za Waingereza ziliendelea kukamata majahazi yaliyobeba watumwa, na watoto waliotolewa humo walipelekwa katika shule za misheni ya Waanglikana. Wavulana walikwenda Kiungani, wasichana Mbweni. Watoto hao walitoka Nyasa, Uyao na kwingineko, na wengi hawakuwaona tena wazazi wao. Mmoja aliyesomeshwa Kiungani ni Cecil Majaliwa, Myao. Mwaka 1890 alipewa upadri Unguja, Mwafrika wa kwanza kupadirishwa katika misheni hiyo, akafanya kazi miaka kadhaa huko kusini, Chitangali, miongoni mwa Wayao. Hatuwezi kusema kwamba Mungu alipanga utumwa ili kumpata padri; kusema hivyo ni kumsingizia Mungu uovu wa watu. Tunachoweza kusema ni kwamba mtoto aliyenyang'anywa nyumba, lugha ya nyumbani na jamaa hakunyang'anywa uwezo wa kuitwa, na alipoitwa alitumwa kwa watu wa kabila lake.

Mwingine ni Janani Luwum wa Acholi, kaskazini mwa Uganda. Utotoni alichunga mifugo ya nyumbani; akasoma kwa kuchelewa, akawa mwalimu wa shule. Januari 1948 aliokoka kupitia uamsho ule uliokuwa umesambaa tangu miaka ya 1930 kutoka Gahini, Rwanda, hadi Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Wazee wetu wanaokumbuka uamsho huo watawaambia dalili yake ya kwanza ilikuwa ipi: mtu alirudisha alichoiba, akalipa deni, akamwomba mke wake msamaha. Watu wale walianza na jirani. Luwum naye hakupewa mwaka 1948 picha ya mwaka 1977. Alihudumu parokia, akasoma, akafanywa askofu wa Kaskazini mwaka 1969, askofu mkuu mwaka 1974. Maaskofu walipomwandikia Idi Amin kupinga mauaji na unyanyasaji, yeye alikuwa mbele yao, naye akauawa tarehe 16 Februari 1977. Ushuhuda wa siku ile ulijengwa kwa karibu miaka 30 ya kazi za kawaida ambazo hakuna aliyeziandika magazetini.

Sasa niseme machache kuhusu kupambanua, kwa kuwa najua swali litakuja: nitajuaje? Historia ya Kanisa ina hazina hapa. Mwaka 1521 Ignatius wa Loyola, askari aliyevunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona, alilala kitandani akisoma maisha ya Kristo na ya watakatifu. Akagundua kwamba ndoto za sifa na ukuu zilimfurahisha wakati akiziota, kisha zikamwacha mkavu. Mawazo ya kumfuata Kristo yalimwachia furaha iliyodumu. Jaribuni kuyapima hivyo mawazo yenu kwa wiki kadhaa, mkiandika daftarini, na mkiwa na mlezi wa kuwasikiliza. Waulizeni pia watu wanaowajua vizuri wanaona mna karama gani. Mara nyingi mama yako au rafiki uliyeishi naye hosteli ameiona kabla yako. Na tazameni ni hitaji gani linarudi mbele ya macho yenu kila mara na kuwakosesha usingizi. Huko Ujerumani Martin Luther aliandika mwaka 1522 kwamba baba anayefua nepi za mtoto wake kwa imani anampendeza Mungu. Kipimo hicho bado kinafaa: kama wito wako hauna nafasi ya nepi, sahani chafu na mgonjwa wa jirani, chunguza umetoka wapi.

Lakini sitaki maneno haya yatumike kumfunga kijana mdomo. Ukosefu wa ajira si mapenzi ya Mungu ya kupokewa kwa unyenyekevu. Barua ya Yeremia iliwaagiza watu wajenge na wapande, na mtu hapandi bila ardhi wala mbegu. Kanisa lenye viwanja vilivyolala, majengo yanayofunguliwa Jumapili tu, na waumini mafundi, wahasibu na wakulima, lina wajibu wa kuwafungulia vijana njia. Hapa Tanzania halmashauri zetu zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Ni usharika upi umekaa na vijana wake kuwafundisha kuunda kikundi, kuandika andiko la mradi, kutunza daftari la hesabu? Kuuombea mji amani kunakwenda pamoja na kazi hiyo.

Baada ya chai tutaingia kwenye vikundi. Naomba kila kikundi kisome Yeremia 28, 29 na 45 kwa sauti, bila kuruka mstari. Kisha kila mmoja awaambie wenzake jina la mahali anapoishi sasa, hata kama ni chumba cha kupanga anachotamani kuhama, na ataje mtu mmoja au jambo moja la mtaa ule ambalo angeweza kuanza kulitumikia kabla ya barua ya ajira kufika. Makatibu waandike majibu hayo. Mchana wachungaji na walezi watakaa nayo, na kila mlezi ataondoka na majina ya vijana atakaowatembelea.