Namna ya Kuisoma Picha ya Kijiji cha Zamani

Hotuba iliyosemwa Feri, Dar es Salaam



Habari yetu ni picha za vijiji zilizopigwa zamani za Wadachi. Mpiga picha mmoja wa Kijerumani, Walther Dobbertin, alipiga picha nyingi za nchi hii tangu mwaka 1906. Picha zake zimewekwa katika Nyumba ya Kumbukumbu ya Serikali ya Ujerumani. Mwaka 2008 nyumba hiyo ilitoa maelfu ya picha, zikiwamo zake, ili watu wote wapate kuzitazama. Basi leo hata mtoto wa shule aweza kuziona. Walakini kuona si kusoma.

Tutoe mfano wa hapa hapa. Mgeni akipiga picha ya Feri saa nane za mchana, atawakuta wavuvi wamelala kivulini kando ya mashua zao. Watakaoitazama kwao watasema, "Watu hawa ni wavivu." Hawajui kwamba wale walikesha baharini, na samaki wao wamekwisha kuuzwa mnadani asubuhi. Picha haikusema uwongo. Ilishika dakika moja tu, na mwenye kuipiga hakuuliza.

Sasa tuchukue picha ya kijiji cha pwani: nyumba chache za makuti, minazi, na nyuma yake vichaka. Chini pameandikwa neno moja, "Pori." Je, ni pori? Tuanze na minazi. Mnazi hupandwa, na hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Mnazi mrefu wenye nazi ni kazi ya mtu aliyekaa pale miaka mingi, na kwa desturi ya pwani mti ni mali ya aliyeupanda. Kisha tutazame vichaka. Huenda ni konde lililopumzishwa ili ardhi ipate nguvu, au ni mahame, yenye makaburi ya wazee ndani yake. Mtambo wa picha hauwezi kupambanua haya. Mwenye kijiji aweza.

Msidhani jambo hili ni dogo. Tarehe 26 Novemba 1895 Wadachi walitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Serikali. Kwa macho ya mgeni, konde lililopumzishwa halina mwenyewe. Hivyo neno "pori" laweza kumnyang'anya mtu urithi wa babu yake. Hata mji huu haukuanza porini: Sayyid Majid alipoanza kuujenga katika miaka ya 1860, kijiji cha Mzizima kilikuwapo.

Kwa hiyo twawaomba jambo moja. Mkiipata picha ya kale ya kijiji chenu, msiitundike ukutani tu. Wapelekeeni wazee, mwaulize: Hapa ni wapi? Minazi hii ni ya nani? Nani alilima pale nyuma? Majibu yao yaandikeni nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, pamoja na jina la aliyesema na tarehe. Kuuliza si ujinga. Picha itadumu, lakini mzee akifa, majina hufa naye.